Nani Anasimama Nyuma ya Alama? Historia ya Herufi CE kwenye Chaja Zetu

Utangulizi

Ukiigeuza chaja yoyote ya simu inayouzwa katika maduka ya Luwum Street hapa Kampala, utakuta mgongoni mwake maandishi madogo ya kijivu: volti zinazoingia, volti zinazotoka, nchi ilikotengenezwa, mchoro wa pipa la taka lililokatwa kwa msalaba, na karibu kila mara herufi mbili, CE. Ukimuuliza muuzaji maana ya herufi hizo, aghalabu utapewa jibu moja kati ya mawili. La kwanza ni kwamba chaja hiyo imepimwa Ulaya ikaonekana salama. La pili hutolewa na wale wanaojiona wanajua zaidi: kwamba zipo CE mbili, moja ya Ulaya ambayo herufi zake zimeachana, na nyingine ya China ambayo herufi zake zimebanana, na kwamba hiyo ya pili ni kifupi cha “China Export”, yaani bidhaa ya China ya kuuzwa nje.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba majibu yote mawili si ya kweli, na kwamba la pili lina madhara zaidi kwa sababu linamfanya mnunuzi aamini kuwa ameshajua siri. Hoja yangu ni kwamba alama ya usalama haina nguvu ndani yake. Nguvu yake hutoka kwa mtu anayesimama nyuma yake, anayejulikana kwa jina, na anayeweza kuadhibiwa akidanganya. Historia ya alama hizi ni historia ya namna jamii mbalimbali zilivyompata mtu huyo, au zilivyomkosa.

Mimi ni mwanafunzi wa historia, si mhandisi. Lakini kazi tunayofundishwa darasani ni kuihoji hati: nani aliiandika, aliwaandikia nani, na nani angemwajibisha. Naichukulia chaja kuwa hati kama hati nyingine.

Kilichomo ndani ya chaja

Kabla ya kuhoji maandishi, tuangalie kitu chenyewe. Fundi mmoja wa simu wa Wandegeya aliniruhusu nikae mezani kwake huku akifungua chaja mbili, moja orijino iliyokufa na nyingine ya shilingi 5,000. Kwa nje zilifanana. Kwenye mkono, ile ya bei rahisi ilikuwa nyepesi zaidi, na baada ya kufunguliwa ilieleweka kwa nini.

Umeme wa ukutani hapa kwetu ni volti 240 za mkondo geu. Ndani ya chaja hugeuzwa kuwa mkondo mnyoofu wa karibu volti 340, kisha hukatwakatwa maelfu ya mara kwa sekunde na kupitishwa kwenye transfoma ndogo, na upande wa pili hutoka volti 5 za kuingia kwenye simu. Maana yake ni kwamba ndani ya kijisanduku kinachoenea kwenye kiganja kuna pande mbili: upande unaoweza kuua na upande unaoshikwa na mtoto. Kinachozitenganisha ni nafasi tu, pamoja na kihami cha plastiki na mpako wa nyaya za transfoma. Viwango vya kimataifa vinadai nafasi ya milimita kadhaa kati ya pande hizo kwenye ubao wa saketi. Katika ile chaja orijino, fundi alinionyesha mfereji mpana uliochongwa makusudi kwenye ubao, na utepe wa manjano uliozungushwa mara nyingi kwenye transfoma. Katika ile nyingine, pande hizo mbili zilikaribiana kiasi kwamba tone la risasi ya kulehemu lingeweza kuziunganisha. Fyuzi haikuwepo, mahali pake palikuwa na kipande cha waya.

Chaja ya namna hiyo hufanya kazi. Hilo ndilo jambo la kukumbuka. Inachaji simu leo, kesho na mwezi ujao. Ubaya wake haujitokezi mpaka siku umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, au unyevu unapoingia, au kihami kinapoyeyuka kwa joto. Siku hiyo volti za ukutani hupita moja kwa moja hadi kwenye waya wa simu, na mwenye simu pengine amelala nayo kitandani au amesimama pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Mwaka 2013, vyombo vya habari vya China viliporipoti kifo cha mwanamke aliyekuwa akitumia simu iliyokuwa kwenye chaji, kampuni ya Apple ilitangaza kupokea chaja za watu zilizotiliwa shaka na kuwauzia halisi kwa bei ya chini. Mwaka 2016, maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja 400 za bandia zilizojifanya za Apple, zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali. Ni 3 tu zilizofaulu kipimo cha uimara wa kihami. Miongoni mwa 400 hizo, 12 zilitengenezwa vibaya kiasi cha kuweza kumuua mtu kwa umeme.

Hatari hii basi haionekani kwa macho ya mnunuzi. Hawezi kuifungua chaja dukani. Analazimika kuamini maandishi ya nje, na ndiyo sababu historia ya maandishi hayo inatuhusu.

Alama zilizozaliwa na hofu

Tatizo la kununua kitu usichoweza kukipima mwenyewe ni la kale. Mnunuzi wa kikombe cha fedha hawezi kujua ni kiasi gani cha shaba kilichochanganywa. Uingereza ililishughulikia tatizo hilo kwa sheria ya mwaka 1300, iliyotaka vyombo vya fedha vikaguliwe na kupigwa muhuri wa kichwa cha chui. Mwaka 1478 mafundi wa London walianza kupeleka kazi zao kwenye ukumbi wa chama chao ili zipimwe na mkaguzi aliyeajiriwa, na kila mwaka ukapewa herufi yake, ili ikigundulika kazi mbovu ijulikane ilipita mikononi mwa nani. Kwa hiyo chombo kimoja kilibeba utambulisho wa fundi aliyekitengeneza na wa aliyekikagua. Katika karne ya 18 kughushi mihuri hiyo kuliwahi kuwa kosa la kunyongwa. Adhabu hiyo ni ya kikatili, lakini inatuonyesha kwamba watu wa wakati ule walielewa uzito wa alama.

Karne ya 19 ilileta vitu vilivyoweza kulipuka. Mwaka 1865 boila ya mvuke ya kiwanda cha bia mjini Mannheim, Ujerumani, ilipasuka, na mwaka uliofuata wenye viwanda wa eneo hilo walianzisha chama cha kukagua boila zao wenyewe. Vyama vya namna hiyo ndivyo mababu wa taasisi za TÜV zinazojulikana leo. Mwaka 1893 yakafanyika maonyesho makubwa mjini Chicago, yakiwa na majengo ya mbao na plasta yaliyojaa taa za umeme. Kampuni za bima, zikiogopa moto, zilimtumia kijana aliyeitwa William Henry Merrill kukagua nyaya. Mwaka 1894 alianzisha ofisi ndogo ya kupima vifaa vya umeme, ambayo baadaye ikawa Underwriters Laboratories, yaani UL.

Tuangalie nani alilipia kazi ya Merrill. Ni watu ambao jengo likiungua, wao ndio wangelipa. Alama ya UL ilizaliwa na hofu ya mwenye hasara. Mpimaji hakuwa mtengenezaji, wala hakuwa muuzaji, na kila lebo aliyoitoa ilikuwa ahadi ambayo ingeweza kumgharimu.

Historia ina mfano wa kinyume pia. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, kwa sababu mafundi wa visu wa Sheffield walilalamika kwamba visu duni vya Ujerumani vinauzwa vikiwa na alama za Sheffield. Bidhaa za kigeni zikatakiwa zitaje zilikotoka. Maneno “Made in Germany” yalikusudiwa yawe onyo kwa mnunuzi. Haukupita muda mrefu yakawa sifa, kwa kuwa viwanda vya Ujerumani viliboresha kazi zao na wanunuzi wakayazoea maneno hayo kama dalili ya ubora. Maneno hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni mwenendo wa waliosimama nyuma yake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga, na kila mara kibaya kinachojitembeza huazima nguo za kile chema.

Alama iliyozaliwa na biashara

Herufi CE zina asili tofauti kabisa. Katika miaka ya 1970 na 1980, nchi za Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya zilikuwa na tatizo la biashara: kila nchi ilikuwa na viwango vyake, na kifaa kilichokubaliwa Ufaransa kiliweza kukataliwa Ujerumani. Mwaka 1985 zilikubaliana juu ya utaratibu mpya. Sheria ya pamoja ingetaja masharti ya msingi ya usalama tu, na bidhaa iliyotimiza masharti hayo ingepita mipaka yote bila kuzuiwa. Alama ya kuonyesha hivyo ikawa CE, na agizo la mwaka 1993 likaisawazisha kwa aina nyingi za bidhaa. Kwa vifaa vya umeme wa kawaida ililazimika kuanzia tarehe 1 Januari 1997.

Kwa bidhaa kama chaja, hakuna maabara ya serikali inayoipima kwanza ndipo iruhusiwe kuwa na CE. Mtengenezaji mwenyewe hukagua bidhaa yake, au humlipa mtu amkagulie, huandaa faili la kiufundi, hutia saini tamko kwamba ametimiza sheria, kisha huchapa herufi hizo mwenyewe. Kwa maneno mengine, CE kwenye chaja ni kauli ya mtengenezaji kuhusu bidhaa yake mwenyewe. Iliandikwa kwa ajili ya maafisa wa mipakani wa Ulaya wasiizuie bidhaa. Haikuandikwa kwa ajili ya mama wa Gulu au Kasese anayemnunulia mwanawe chaja.

Je, kauli hiyo ni bure? Ndani ya Ulaya si bure kabisa. Wakaguzi wanaweza kudai faili, kuiondoa bidhaa sokoni na kumshtaki mhusika. Tangu sheria ya vifaa vya umeme iliporekebishwa mwaka 2014, mwagizaji anayeingiza kifaa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anatakiwa kuandika jina na anwani yake kwenye bidhaa, au kwenye kifurushi inaposhindikana. Kwa hiyo mkaguzi wa kule akiona CE, anatafuta na jina la kulifuata. Chaja hiyohiyo ikivuka bahari hadi Mombasa na kupanda lori hadi Kampala, herufi zinafika lakini mkaguzi, faili na mahakama vimebaki kule. Tunapokea sahihi ya mtu ambaye hatuna njia ya kumfikia.

Hadithi ya “China Export”

Sasa turudi kwenye jibu la pili la wauzaji. Hadithi ya CE mbili ilienea kiasi cha kufika Bunge la Ulaya. Mwishoni mwa mwaka 2007 mbunge mmoja aliiuliza Tume ya Ulaya kuhusu alama hiyo ya “China Export”, na mapema mwaka 2008 Tume ikajibu kwamba haijui kuwepo kwa alama rasmi ya namna hiyo, na kwamba kile kilichoonekana ni alama ya CE iliyochorwa bila kufuata vipimo vyake. Ni kweli kwamba CE ina mchoro maalumu: herufi zimejengwa juu ya duara mbili, na nafasi kati yake imepangwa. Herufi zilizobanana zinaonyesha kwamba aliyechapa hakujali mchoro, na asiyejali mchoro huenda hakujali na mengine.

Lakini kinyume chake hakifuati. Anayeweza kughushi chaja nzima, rangi yake, kisanduku chake na hata karatasi ya maelezo, hashindwi kuachanisha herufi mbili. Ile chaja ya shilingi 5,000 niliyoiona ikifunguliwa ilikuwa na CE iliyochorwa sawasawa kabisa. Anayepima umbali wa herufi nje anapima milimita zisizohusika. Milimita zinazohusika zimo ndani.

Kwa nini basi hadithi hii inapendwa? Nadhani ni kwa sababu inampa mnunuzi asiye na uwezo silaha ya bure. Hawezi kununua chaja ya shilingi 60,000, hana maabara, lakini ana macho. Pia inaweka ubaya wote kwa taifa moja, na jambo hilo si haki: chaja nyingi orijino tunazozisifu nazo zinatengenezwa China. Tofauti kati ya chaja nzuri na mbaya haiko katika nchi ya kiwanda, iko katika agizo la aliyeagiza, bei aliyokubali kulipa na ukaguzi aliousimamia.

Bandia na duni katika Afrika Mashariki

Katika nchi zetu zilianzishwa taasisi za kusimama nyuma ya alama. Kenya ilianzisha KEBS mwaka 1974, na Tanzania TBS mwaka 1975. Hapa Uganda sheria ya kuanzisha UNBS ilipitishwa mwaka 1983 na shirika likaanza kazi mwaka 1989. Mwaka 2005 Kenya ilianza utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa melini, na Tanzania na Uganda zikafuata miaka michache baadaye. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilitunga sheria ya viwango, ubora na vipimo mwaka 2006, ili bidhaa iliyopewa alama na nchi moja ikubaliwe na nyingine.

Hata hivyo kuna mkanganyiko wa maneno ambao naona unatupunguzia nguvu. Mitaani tunasema “feki” kwa kila kitu kibaya. Sheria zinatofautisha mambo mawili. Bidhaa bandia ni ile iliyoiba jina la mwingine, na mwenye kuumia kwanza ni mwenye jina. Bidhaa duni ni ile isiyofikia kiwango, na mwenye kuumia ni mtumiaji. Tanzania mambo haya yako chini ya ofisi mbili: Tume ya Ushindani hushughulikia bandia kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na TBS hushughulikia duni. Kenya vilevile ina Sheria ya Bidhaa Bandia ya mwaka 2008, kando ya KEBS. Hatari ya kuchanganya mambo haya ilionekana mwaka 2012, Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamua kwamba tafsiri ya “bandia” katika sheria hiyo ilikuwa pana mno, ingeweza kuzuia hata dawa halali za bei nafuu ambazo wagonjwa wa UKIMWI walizitegemea. Bei nafuu peke yake si kosa, na kutokuwa na jina kubwa si kosa.

Chaja inathibitisha hilo. Ipo chaja yenye jina la kampuni isiyojulikana ambayo ndani imejengwa vizuri. Ipo pia isiyoiba jina la mtu yeyote, na kwa hiyo si bandia kisheria, lakini inaweza kuunguza nyumba. Tukiwinda majina yaliyoibwa tu, hiyo ya pili itapita.

Mfano wa simu unatufundisha zaidi. Mwishoni mwa Septemba 2012 Kenya ilizima simu bandia kwenye mitandao, na Juni 2016 Tanzania ikafanya hivyo. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba yake ya IMEI, na namba isiyo kwenye orodha inaweza kufungiwa. Chaja haina namba wala haiingii mtandaoni. Kampala ni kituo cha kupitishia mizigo. Chaja hizohizo zinaendelea hadi Juba, Goma na Bunia, zikikutana na soketi za aina tofauti. Ndiyo maana tunawaona watu wakiingiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili chaja ya miguu miwili ya duara iingie. Vile vifuniko vya ndani ya soketi vinavyosukumwa na kalamu viliwekwa na kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, kusudi kidole cha mtoto au msumari usifike kwenye umeme. Kinga iliyofikiriwa zaidi ya miaka 70 iliyopita tunaifungua kila jioni, ili tuchomeke kitu kisicho na kinga.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba muhuri wa fedha wa London, lebo ya UL na herufi CE si ndugu wa tumbo moja. Mbili za kwanza zilitolewa na mkaguzi ambaye si muuzaji, na ambaye angeweza kuulizwa. Ya tatu, kwa chaja, ni neno la muuzaji mwenyewe, lililotungwa kwa ajili ya soko lenye wakaguzi wake. Kuisoma CE katika soko letu kana kwamba ni cheti cha maabara ni kuisoma hati nje ya mazingira yake, kosa ambalo mwalimu yeyote wa historia angelikata kwa wino mwekundu.

Wapo watakaosema kwamba mnunuzi anataka vya rahisi, basi na alaumiwe yeye. Sikubaliani nao. Mwanafunzi mwenye shilingi 5,000 hajachagua hatari. Hakuonyeshwa hatari yenyewe. Wajibu unaanzia kwa anayeingiza mzigo, kwa sababu yeye ndiye pekee katika mnyororo huu ambaye yuko ndani ya mipaka yetu na alijua alinunua kwa bei gani.

Kwa hiyo napendekeza jambo dogo linalotokana na historia hii. Kila chaja inayoingia Afrika Mashariki ichapwe jina la mwagizaji wake na namba ya kibali, na namba hiyo iweze kuhakikiwa kwa simu. Kenya tayari wanunuzi wanaweza kutuma namba ya alama ya KEBS kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 na kujibiwa ni ya nani. Utaratibu kama huo ukiwa mmoja kwa Jumuiya nzima, mnunuzi wa Mbarara au Bujumbura hatahitaji kupima umbali wa herufi kwa macho. Mpaka hapo, swali la kumuuliza muuzaji lisiwe kama CE hii ni ya Ulaya au ya China. Tumuulize: chaja hii ikiniunguzia chumba, nimfuate nani? Kama hakuna jina, herufi zile ni wino tu.